Marehemu Alikuwa Mrefu

Wifi yangu Dorika alikuwa mfupi. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisimulia habari zake siku hizi wanamrefusha, wanampa sauti ya upole na moyo wa kumhurumia kila mpita njia. Uongo mtupu. Alikuwa mfupi kiasi kwamba akiingia kwenye shamba la uwele uliokomaa, ulijua alipo kwa kusikia matusi tu. Alitafuna vitunguu vibichi kama wengine wanavyotafuna miwa, na kanisani walimwondoa kwenye kwaya kwa sababu alicheka siku mwalimu wa kwaya alipokwama kwenye sauti ya juu. Mimi ni Yustina, dada wa mumewe Marko. Tuligombana naye tangu wiki aliyoletwa kwetu Kinasonge, na leo sina mtu wa kugombana naye, jambo linaloniudhi zaidi.

Kinasonge ipo chini ya milima ya Iramba, pale mteremko unapochoka na kuwa tambarare. Juu kuna kijito kimoja kisichokauka, na kutoka kwenye kijito hicho unashuka mfereji wetu. Wageni wanauita mfereji wa Mjerumani. Babu yangu alikuwa miongoni mwa waliouchimba, na alitufunulia mgongo wake tukaona makovu. Mjerumani hakushika jembe hata siku moja, alishika kiboko. Alipoondoka, wenye makovu wakaendelea kuutunza wenyewe, maana walishaonja vitunguu.

Utunzaji wake ulikuwa hivi. Kila mwaka kabla ya mvua, wenye mashamba walipika pombe ya uwele, na wanaume wakaja na majembe. Walianzia juu kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka kijitoni, wakakwangua tope na kufyeka matete mpaka mkiani, kwenye shamba la mwisho. Halafu wakanywa. Hakuna aliyeita hiyo kujitolea. Asubuhi tuliiita kazi, jioni tukaiita kulewa, na maji yalifika.

Kisha akaja Ignas. Alikuwa katibu wa tawi la chama, kijana mwenye shati la mifuko minne, msafi hata wakati wa vumbi. Alituambia mkutanoni kwamba mtu anayechimba kwa ajili ya pombe hajajitolea, amejiuza, na kwamba pombe ya kazi ni mabaki ya ukabaila. Kuanzia siku ile, mfereji ungetunzwa kwa moyo wa kujenga taifa, bila hata kibuyu kimoja. Tukapiga makofi. Miaka ile tulipigia makofi kila kitu.

Alimaliza hotuba, akamgeukia Dorika. "Ndugu Dorika, unaonaje?"

"Ndugu ni mama yako?" Dorika akamuuliza. "Shikamoo kwanza, taifa baadaye."

Ignas akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, lakini pombe ikabaki marufuku. Mwaka ule walikuja watu wachache. Mwaka uliofuata hakuja mtu. Wa kwanza kuugua mgongo alikuwa Melkizedeki, ambaye shamba lake lipo juu kabisa, hatua chache kutoka kwenye banio. Yeye maji aliyapata hata mfereji ukijaa mchanga. Mgongo wake ulikuwa na akili: uliuma siku za mfereji, ukapona siku za ngoma. Huku chini tope likapanda, matete yakaota, na maji yakafia njiani.

Shamba la mkiani lilikuwa la Dorika na kaka yangu. Msidhani nalia kwa ajili ya vitunguu. Pembeni ya kona ya mwisho ya mfereji Dorika alikuwa amewazika mapacha wake, waliokufa kwa surua mwaka uliofuata Uhuru, mmoja akimfuata mwenzake kabla matanga hayajaanuliwa. Kila jioni aliyamwagilia majani ya pale kwanza, vitunguu baadaye. Hakuwahi kulizungumza jambo hilo, na ukimwangalia akiwa pale alikutukana.

Mwaka wa sabini na nne ikaja operesheni ya vijiji. Mkubwa mmoja kutoka wilayani alitukusanya, akasema Kinasonge yote itahamia Njia Panda, kando ya barabara kuu, nyumba zipangwe kwa mistari. Njia Panda kulikuwa na vumbi na kibao. Maji yake ulichimba mchangani kwenye korongo, ukagombana na ng'ombe. Hapo lazima nimpe Ignas haki yake: alisimama akasema Kinasonge ina mfereji wake, kwa hiyo inafaa kuwa kijiji cha ujamaa hapo hapo ilipo.

"Vizuri," akasema mkubwa. "Jumamosi narudi. Nikikuta maji yanafika mpaka mwisho, mtabaki. Nikikuta tope, magari yatakuja kubeba mizigo yenu."

Tulipokuwa tukirudi, Dorika alinishika mkono njiani. "Wifi, nyumba naweza kujenga nyingine. Wale watoto siwezi kuwabeba. Na siwaachi."

Nilingoja tusi la kumalizia. Halikuja, na hapo nikaogopa kweli.

Jumatatu Ignas alipiga debe. Watu walikuja, wakaimba, wakanyoosha mikono juu, wakakubaliana kwamba kesho yake wote watashuka mfereji. Kesho yake walishuka Ignas na Dorika tu. Jumatano tulishuka Dorika na mimi, Ignas akiwa anapita nyumba kwa nyumba kubembeleza. Mmoja ana mgeni, mwingine ana jipu, Melkizedeki amelala kifudifudi akikandwa kwa maji ya moto. Kila mmoja alitaka mfereji upone, ila kwa jasho la jirani.

Alhamisi alfajiri nikasikia kilio.

Kwetu kilio cha mwanamke kikisikika alfajiri, huulizi. Mwanaume anachukua jembe, mwanamke anachukua unga na kuni, mnafuata sauti. Asiyezika wenzake, siku yake atazikwa na mbwa. Na ukimkuta mfiwa, humchunguzi. Unasema pole, unauliza kazi iko wapi. Sauti ilikuwa ya Dorika, ikitokea kule juu karibu na banio. Nikajua kaka yangu amekufa. Marko alikuwa amelala kambi ya ng'ombe siku zile, nikajisemea fisi, au nyoka, nikakimbia huku nalia, na unga wangu ukamwagika njia nzima.

Tulimkuta ameketi chini kwenye ukingo wa mfereji, kanga imefungwa kiunoni, mikono kichwani, analia kwa mdundo kama alivyofunzwa na mama yake. Tukaketi, tukalia naye. Wanaume walikuwa wengi, na Melkizedeki mbele yao, amekuja mbio. Wakasimama kwa heshima.

"Pole, shemeji," akasema Melkizedeki. "Tuchimbe wapi?"

"Hapa," akasema Dorika kwa kwikwi, akionyesha katikati ya tope la mfereji. "Mshuke hivyo."

Wakatazamana. Lakini mfiwa amesema. Labda ndivyo alivyoagiza marehemu, labda ni mambo ya ukoo. Wakavua mashati, wakachimba. Walichimba vizuri, kwa huzuni, bila maneno mengi, wakitupa tope pembeni, na kila walipoinua macho Dorika alionyesha mbele zaidi. Jua lilikuwa limeshachomoza waziwazi ndipo Melkizedeki akanyoosha kiuno.

"Shemeji, samahani sana. Hili kaburi mbona linakwenda tu?"

Dorika hakutoa mikono kichwani. "Marehemu alikuwa mrefu," akasema.

Wakaendelea. Naapa, waliendelea kuchimba.

Kilichoharibu mambo ni Marko mwenyewe. Alisikia habari kambini kwamba kwake kuna msiba, akaja anahema, jembe begani. Mwanamke aliyekaa karibu yangu alimwona akatupa sufuria. Wanaume wakampa pole wakiwa na wasiwasi, naye akaanza kulia palepale bila kujua anamlilia nani, kisha akachuchumaa mbele yangu.

"Yustina, nani amekufa?"

"Nilidhani wewe."

Akafikiri kidogo. "Hapana," akasema, kwa sauti ya mtu asiye na hakika sana.

Hapo Dorika akainuka, akajifuta machozi. Yalikuwa machozi ya kweli, hilo nililiona, na najua aliwalilia akina nani.

"Aliyekufa ni mfereji wa babu zenu," akasema. "Mmeshafika nusu ya kaburi. Anayetaka kuondoka msibani kabla ya kuzika, aondoke, tumwone sura. Na mimi nitaikumbuka siku yake."

Mzee mmoja akatema mate pembeni. Melkizedeki akavimba kwa hasira. "Huu ni uchuro, mwanamke. Unaita kifo nyumbani kwako."

"Kimeshakuja mara mbili, kinaijua njia," akasema Dorika. "Ila shemeji, mgongo umepona lini?"

Alianza kucheka mtu mmoja kule nyuma, akaitikiwa na mwingine, mwisho hata yule mzee akajificha uso kwa kofia. Melkizedeki aliangalia huku na huku akitafuta wa kumtetea. Hakumpata, akashika jembe. Hakuna aliyeondoka.

Mchana wanawake walisonga ugali kwa unga wa rambirambi, na Dorika akatoa mitungi ya pombe aliyokuwa ameificha vichakani. Ignas akaiona. Akafungua mdomo.

"Ni ya msiba, mwanangu," Dorika akamwambia. "Ulikataza ya kazi."

Ignas alisimama akitafuta mahali msiba ulipokatazwa. Kisha akavua shati lake la mifuko minne, akalikunja vizuri juu ya jiwe, akaingia kwenye tope. Ijumaa jioni maji yalifika mkiani. Dorika aliyachota kwa viganja, akaenda kuyamwagia majani ya watoto wake, na safari ile nilimwangalia na hakunitukana.

Jumamosi mkubwa alikuja kama alivyoahidi. Aliufuata mfereji mpaka mwisho, akainama kuhakikisha kama ni maji kweli, akateleza, akazama hadi magotini. Tukamtoa. Alisema tubaki.

Wazee walimtoza Dorika kondoo wa kusafisha uchuro, na mwinjilisti akamhamishia benchi la nyuma. Alitoa kondoo, akakaa benchi la nyuma, akasema kule watu wanasinzia kwa raha. Mwaka uliofuata, kabla ya mvua, akapanda kwenye banio akalia tena. Watu wakaja na majembe, safari hii wakicheka, wakimuuliza marehemu ni mrefu kiasi gani. Ignas aliiita Siku ya Kujitolea. Sisi wengine wote tuliiita msiba wa mfereji, na pombe yake ilikuwa nzito.

Mwaka wa sabini na nane kifua kilimshika Dorika mwezi wa tisa, hakikumwachia. Hata hivyo alikuwa ameshaloweka uwele wa pombe. Niliwahi kwenda kumkanda nikamkuta anautazama kwenye chungu akiwa kitandani, akanituma niusogeze karibu.

"Wifi, mwaka huu ulie wewe," akaniambia. "Mimi sina sauti. Ila usilie kama mbuzi, utanitia aibu."

Nikamwambia yeye ndiye analia kama mbuzi. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho ya maana.

Alikufa alfajiri moja, uwele ukiwa umeanza kuchipua. Nikatoka nje, nikalia. Sijui nililia kama nini. Sauti yangu ilipanda mpaka mlimani, nikasikia milango ikifunguliwa kila upande, majembe yakigongana, nikaingia ndani kuwangoja. Wanawake wa jirani wakaja. Wanaume hawakuja. Jua likapanda. Marko alikaa mlangoni akitazama njia, haelewi. Mimi nikawalaani wote, mmoja mmoja kwa majina, mpaka nikasikia kutoka juu watu wakiimba.

Niliwakuta mferejini, mashati yamevuliwa, wameshashuka sehemu kubwa. Hakuna aliyekosekana. Melkizedeki ndiye aliyekuwa mbele, tope mpaka kifuani, na aliponiona akaegemea jembe akatabasamu.

"Umechelewa, dada Yustina. Haya tuambie, marehemu wetu mwaka huu naye ni mrefu?"

Nilikuwa nimekuja na matusi mdomo mzima. Yote yalinipotea.

"Mwaka huu ni mfupi," nikasema.

Nyimbo zikakatika kuanzia mbele kwenda nyuma, kadiri walivyoambiana. Ignas alivua kofia. Melkizedeki aliketi palepale kwenye maji akalia waziwazi, mtu mzima na mvi zake, na mikono yake haikwenda mgongoni. Wengine wakaanza kupanda ukingoni, wakitafuta mashati, ndipo akawazuia.

"Rudini. Mkiuacha nusu, yule mwanamke ataamka atutukane."

Nilikasirika. Nikawaza, mfu yupo ndani na hawa wanang'ang'ania tope. Halafu nikatazama mfereji ulikoelekea. Ulielekea kwake. Nikajifunga kanga kiunoni, nikaomba jembe.

Tulishuka hivyo mpaka mkiani, na tulipofika kwenye kona ya mapacha hatukupumzika. Tulitoka mferejini, tukaendelea kuchimba pembeni yao. Halikuchukua muda. Alikuwa mfupi.