Hori la Akidor

Marehemu Akidor alizaliwa Lodwar, akafundisha baiolojia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na hakuwahi kufundisha akiwa ameketi. Siku alipowasikilizisha wanafunzi sauti ya seli moja ya gamba la ubongo, iliyorekodiwa maabara, alirukaruka kama mtu aliyeona mvua.

"Sikieni! Ta... ta-ta... kimya... ta! Mbona haishiki mdundo?"

"Labda imelewa, Mwalimu," akasema Riek. Darasa likaangua kicheko.

Jibu alilipata likizoni, kwenye kisima kilichochimbwa katika mchanga wa mto mkavu, karibu na kwao. Wasichana walimimina, mbuzi walikunywa, hori la kunyweshea likabaki limejaa hadi ukingoni. Lingemwagika saa ngapi? Hakuna aliyejua. Akidor akapiga kelele. Seli nayo ina majirani maelfu: wengine wanaisukuma kama wasichana wale, wengine wanaizuia kama mbuzi, kwa nguvu zinazokaribiana. Tofauti ndogo tu ndiyo huifanya ilipuke, ta, wakati usiotabirika. Akapiga magoti palepale mchangani, akamshukuru Mungu.

Basi akalipeleka hori hilo kwenye maonyesho ya sayansi Lodwar. Wakishinda, wanafunzi wake wangefika Kitale. Wengi walizaliwa kambini na walikuwa hawajawahi kupita Lodwar. Bati likawekwa chini ya hori ili kila tone linalomwagika lisikike. Mama yake, Nabei, akaleta mbuzi. Riek na wenzake wakamimina kopo baada ya kopo.

Mbuzi wakatazama maji, wakageuza shingo.

Ta. Ta. Ta. Ta. Kama saa ya ukutani.

"Mama! Umewanywesha?"

"Sasa nilete mbuzi wenye kiu mbele ya wageni? Watu waseme Nabei hajui kufuga?"

Majaji wakacheka. Mmoja akaifunga kalamu yake. Machozi yakamlengalenga Akidor. Kisha ghafla akaruka.

"Ngojeni! Hapa hakuna wa kuzuia, ni kusukuma tu, ndiyo maana mdundo umenyooka! Mama, kimbia mtoni, azima wenye kiu!"

Nabei akarudi mbio na mbuzi wa jirani, akiwaita walafi. Wakajisukuma horini.

Ta... kimya... ta-ta... kimya...

Yule jaji akachuchumaa, sikio karibu na bati, akaifungua kalamu.

"Imelewa tena!" Riek akapaza sauti.

Walienda Kitale. Akidor aliimba tenzi za kanisani njiani, basi zima likaitikia. Mungu amlaze pema. Sauti ya hori lake bado iko nyumbani kwao, pale kisimani.