Fundi Kizibo na Nyumba Isiyovuja Hewa

Kwa kuziba nyumba, hakuna aliyemfikia. Mtaa mzima ulimwita Fundi Kizibo, naye akilisikia jina hilo kifua kinamtuna kama cha jogoo. Kuta nene zenye sufi ya kuzuia joto ndani, madirisha ya vioo vitatu, kila ufa umebandikwa utepe. Nje jua linachoma, ndani unatafuta shuka, na feni ya dari huijui!

Hewa safi iliingia kwa tundu moja tu ukutani, lenye kifeni kidogo. Siku ya kupima, fundi huliziba kwa utepe, kisha huvuta hewa kwa mashine mlangoni aone kama nyumba inavuja. Akimaliza, hubandua.

Nyumba ya bintiye ndiyo iliyotia fora. Mshale wa mashine ulikataa kutikisika! Fundi akacheza pale mlangoni, tumbo mbele, akakabidhi funguo.

"Ole wako nikukute umefungua dirisha."

Wiki haijaisha, binti akapiga simu.

"Baba, vioo vinatoka jasho. Na kichwa kinanipasuka, hasa nikipika."

"Mjukuu wangu huyo anabisha hodi!"

"Acha utani, baba. Nifungue dirisha?"

"Uniaibishe? Vumilia, utazoea."

Kesho yake, kwenye nyumba nyingine, alimwona mwenzake juu ya ngazi akiziba tundu kwa utepe. Kicheko chote kikamkauka. Ule wa kwa binti, nani aliubandua?

Akapiga simu. Haikupokelewa. Akarukia pikipiki.

Alipochungulia dirishani, jiko la gesi lilikuwa linawaka, moto wake wa manjano, na binti kalala sakafuni. Fundi aliita mpaka sauti ikakatika. Vioo vyake havikupitisha hata neno. Akavipiga nyundo, kimoja, cha pili, cha tatu. Akaingia, akambeba hadi nje.

Binti alikohoa, akatapika, akafumbua jicho. "Baba... umevunja dirisha."

"Pumua, mama. Usiongee, pumua tu."

Majirani wakaja mbio, mmoja akaenda kutafuta gari la hospitali. Fundi, kichwa cha binti mapajani, alikuwa ameanza kushukuru, mara akakumbuka nyumba nyingine. Juzi alimkabidhi nesi mmoja funguo za nyumba aliyoiziba vilevile, mjane, ana mapacha wachanga. Akafumba macho auone ule ukuta. Tundu analiona. Utepe, hakumbuki kuubandua.

"Nishikieni mwanangu," aliwaambia majirani. "Pikipiki iko wapi?"