Habari za Nje kwa Aliye Ndani

Kwenye blogu yangu kuna ukurasa mmoja ambao nimeufuta na kuuandika upya mara nyingi kuliko mwingine wowote. Ni ule unaomweleza mgeni kwa nini blogu yenyewe ipo. Mwanzoni niliandika kwamba nataka kuhifadhi maisha ya Waswahili wa Gitega, maana watu wakisikia Burundi hawadhani kama kuna wanaopika pilau na kugombana kwa Kiswahili. Baadaye nikayaona maneno hayo yamevaa tai. Nikabadilisha, nikasema naandika kwa kupenda tu. Huo nao ulikuwa uongo. Kuandika kunaniumiza mgongo, kunamaliza bando, na kunanifanya niwe mkali kwa watu wa nyumbani. Siku hizi ukurasa ule uko mtupu.

Sababu ya kweli ilikuwa mama yangu, na sijui kama bado ipo.

Baba alifariki Muyinga, msimu wa mvua. Alikuwa akiuza spea za baiskeli karibu na soko, kibanda cha mbao chenye matairi yaliyoning'inia mlangoni. Mimi niko Gitega, Musinzira, na kazi yangu ni kwenye duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi iliyoukaa mji huu tangu enzi za babu zao. Bosi alinipa ruhusa, akamwombea marehemu, halafu akanikumbusha kwamba Idi inakaribia na wateja watakuwa wengi. Nikakaa matanga mpaka khitma, nikarudi kupima vitenge. Mama akabaki na eda yake: nguo nyeupe, mkeka, miezi minne na ushei bila kuvuka mlango wa nje, akitunzwa na mdogo wangu ambaye bado hajaolewa.

Mtu asiyemjua mama atadhani kukaa ndani ni mapumziko. Mama alikuwa mtu wa njia. Alikwenda sokoni asubuhi kununua chumvi, akarudi alasiri na habari za mtaa mzima, chumvi kaisahau. Nani kajifungua, nani kahama, nani kanunua bati jipya na pesa kapata wapi. Baba alizoea kumtania kwamba ndani ya nyumba yake redio ni ya mapambo tu. Huyo ndiye aliyekalishwa akitazama ukuta. Mdogo wangu alinipigia simu, sauti iko chini.

"Dada, mama hakulake, chakula kinarudi vile vile. Anaangalia tu. Fanya kitu, we njo mwenye maneno."

Kumpigia nilijaribu. Nililia kabla hajamaliza kuitikia salamu, naye akaanza kunibembeleza mimi, jambo ambalo halikuwa zamu yake. Kwenda pia nilijaribu. Kutoka Gitega kupita Karusi mpaka Muyinga si safari ya kutisha, lakini mafuta yalikuwa hayapatikani, mabasi yamelala kwenye foleni, na kila dereva anataja nauli iliyomjia kichwani. Nikaikumbuka blogu. Nilikuwa nimeifungua zamani kwa ajili ya mapishi, ikafa kwa kukosa mpishi. Nikamwambia mdogo wangu: kila Ijumaa baada ya sala fungua hapa kwenye simu yako, umsomee mama kwa sauti. Kwenye maandishi silii, au nikilia chozi halionekani.

Nikaanza kumpelekea nje. Nilimwandikia habari za akina mama wa kijijini Buraza waliofika sokoni na kabichi, wakagombania kivuli kimoja cha ukuta mpaka jua likahama na ugomvi ukaisha wenyewe. Nilimwandikia habari za yule muuzaji kutoka Gishubi aliyekataa kumuuzia parachichi mteja aliyeyabonyeza yote, akamwambia hayo sasa ni wagonjwa wako, yapeleke hospitali. Nilimwandikia kuhusu siku maji ya mvua yalipoingia dukani, bosi akapanda juu ya kiti na majora mawili kifuani, akitoa amri kwa lugha tatu. Nilichagua yenye kelele na ya kuchekesha, na nilijiwekea sharti moja ambalo sikumwambia mtu. Baba asiingie. Kibanda kisiingie, spea zisiingie, na baiskeli pia zisiingie. Gitega imejaa baiskeli: zinapandisha ndizi, zinateremsha makaa, zinabeba abiria. Kwenye blogu yangu hakuna hata moja. Kuna bwana harusi aliyekosa gari siku ya ndoa yake, akafika msikitini juu ya baiskeli na suti yake na kofia ya kazi ya mkono. Nilimpandisha pikipiki.

Nilidhani ni huruma. Nani anataka kumtonesha mjane kidonda?

Na ilifanya kazi, hilo lazima niliseme, maana ndilo lililonipumbaza. Mama alianza kula. Ijumaa alikuwa anamwita mdogo wangu mwenyewe, simu imeshajaa chaji. Majirani wa kike waliokuja kumtazama walikaa wasikie pia, na habari ikaenea kwamba binti mkubwa wa yule mama anaandika. Kiswahili changu ni cha Kigoma, nilikosomea kwa shangazi, na mdogo wangu aliposoma alikuwa akikigeuza kiwe cha nyumbani, akiongeza na vituko vyake. Watu wa mbali nao wakaanza kuingia kwenye blogu, wa Bukavu, wa Dar es Salaam, wakiniandikia hongera. Kichwa kikavimba. Nilitembea Musinzira nikijiona mtu.

Eda ilipoisha nilikwenda Muyinga. Bosi alinikatia kitenge kizuri, cha rangi ya zafarani, akakataa nimlipe bei yote. Wanawake walimwogesha mama, wakamvika, wakafukiza udi, ikasomwa dua, tukala wali na nyama. Alipendeza mpaka nikaona aibu kumtazama. Kisha mmoja wao, jirani wa ukuta kwa ukuta, akamshika mkono amtoe, wapite kwa binti wa nyumba ya tatu aliyejifungua, ndivyo inavyofanywa, mwanamke anatoka eda anasindikizwa kumsalimia mtu.

"Kesho," mama akasema.

Kesho yake akasema kesho. Siku iliyofuata akavaa tena nguo yake ya zamani, akarudi kwenye mkeka, mgongo pale pale ukutani. Jirani akaangua kicheko.

"Sasa huyu ataenda wapi, na anasomewaka dunia yote hapa hapa ku mukeka?"

Tulicheka wote. Mama alitabasamu. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilijiona nimesifiwa.

Kicheko kilinikauka njiani, ndani ya basi, kabla hatujafika Karusi. Nilikuwa nimempelekea soko mpaka mkekani. Kwa nini alitafute kwa miguu? Hapo ndipo nilipoanza kuyachambua yale yote niliyokuwa nayataja kama sababu za kuandika, na kila nililolishika lilinitia hasira. Kuhifadhi, kupenda, kumfariji mama. Faraja gani inayomfungia mtu mlango? Nikaamua kuacha. Nilijipigia hesabu ya kijinga: akikosa habari, kiu itamtoa.

Ijumaa zikapita. Nilijitia hamnazo. Wasomaji wa mbali waliuliza kama nimehama, sikuwajibu. Mdogo wangu aliuliza pia, nikamwambia kazi nyingi.

"Anauliza kama we uko mugonjwa," akaniambia siku moja. "Nikasema hapana, ni kazi. Akasema bon, sawa, asisumbuke."

"Na kutoka?"

"Atoke wapi, dada? Hata ku mulango hafikake. Juzi walikuja kumuita ku harusi, akawapa zawadi wapeleke."

Mama alikuwa amepunguza tena kula. Kiu niliyoisubiri haikuja. Lori la bosi lilipokuwa linakwenda mpakani Kobero kupokea mzigo, niliomba nafasi mbele, nikashushwa Muyinga. Nilimkuta mama anachagua maharage kwenye ungo. Nikakaa naye, nikaingiza mkono, tukawa tunatoa mawe. Nikamuuliza waziwazi kwa nini hatoki. Nilimwambia watu wanamwulizia, soko linamwulizia, hata kama hataki kununua kitu aende tu akatembee. Aliniacha nimalize.

"Mwanangu," akasema, "Gitega hakuna mabaiskeli?"

Nikasema zipo, nyingi.

"Mi nasikilizaka kila Ijumaa. Mapikipiki iko, malori iko, watu wa miguu iko. Baiskeli hapana. Nikajua."

"Sikutaka kukuumiza, mama."

"Najua." Alipepeta, maganda yakaruka, akayapokea maharage kwenye ungo. "Ulimutoa baba yako pole pole, na soko ikabaki sawa tu. Nyanya zinauzwa. Watu wanacheka. Mvua inanyesha mpaka inaingia ku duka. Sasa mi nitoke niende kuona nini? Kuona vile hakuna kitu ilipunguka?"

Hakusema kwa ukali. Angenigombeza ningepata pa kushika, maana ugomvi nauweza. Nilikuwa nimemwandikia, wiki baada ya wiki, kwa ufundi wangu wote, dunia isiyomhitaji mumewe. Na alikuwa ameniamini.

Nikamwahidi nitamwandika baba. Akaitikia, "Ego," ndiyo ya Kirundi, kama anavyomwitikia mtoto anayesema akikua atamjengea nyumba.

Niliporudi Musinzira nilikaa kuandika, na hapo nikaonana na jambo ambalo nilikuwa nimelizunguka maisha yangu yote. Baba sikumjua. Nilipelekwa kwa shangazi Kigoma nikiwa mdogo, nikarudi mtu mzima, nikaenda moja kwa moja Gitega kutafuta kazi. Baba niliyekuwa naye ni wa likizo: anauliza masomo, anatoa pesa ya nauli, anasema msalimie shangazi yako. Nilimwandika akifungua kibanda, akifuta mikono kwa tambara, akimsalimu mteja. Kila sentensi ingemfaa baba wa mtu yeyote. Nikampigia mdogo wangu aniazime kumbukumbu zake. Akanipa moja: kwamba akitengeneza gurudumu alishika nati kwa midomo, na bado anaongea na wateja, nao wanamwelewa.

Niliichukua hiyo nikaijengea ukurasa mzima. Niliipamba. Wasomaji wa mbali hawakuwahi kunisifu vile. Mmoja alisema amelia ofisini, mwingine amempigia baba yake baada ya muda mrefu. Nilizisoma hongera zao nikisubiri simu moja tu, ya Muyinga. Haikuja Ijumaa. Jumamosi nilipiga mimi. Mdogo wangu alizungukazunguka, akaniuliza bei ya sukari Gitega, akanieleza ya kwao, mpaka nikamfokea aseme.

"Alisikiliza yote," akasema. "Akasema iko muzuri, huyu muzee. Lakini akasema, mi sikuolewa na huyu."

Nilikata simu nikiwa na hasira na mama, ndiyo, na mama mwenyewe. Kisha hasira ikaniishia, na kilichobaki chini yake ni kibaya zaidi. Kama siwezi kumtoa nje kwa soko, na siwezi kumrudishia mumewe hata kwa ukurasa mmoja, blogu hii ni ya nini? Ya watu wanaolia ofisini? Wao wana baba zao wa kuwapigia. Nilifungua sehemu ya kuifuta. Inauliza kama una uhakika. Nilikuwa nao.

Simu ikaita kabla sijabonyeza. Ilikuwa namba ya mdogo wangu, lakini sauti ya mama, ambaye hapendi simu, huishika mbali na sikio kisha analalamika kwamba haisikiki. Tulisalimiana kirefu, habari za kazi, za bosi, za mgongo wangu.

"Usisumbuke na baba yako," akasema. "Yeye nitabaki naye mi. We andika za soko tu. Ijumaa nitasikiliza."

"Utatoka, mama?"

Nyuma yake nilimsikia mdogo wangu akiosha vyombo.

"Andika, mwanangu. We uko peke yako kule, unahitaji mutu wa kukusikiliza."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Miezi yote ile nilidhani mimi ndiye ninayemtunza mama kwa maneno, kumbe ni yeye aliyekaa kwenye mkeka Ijumaa baada ya Ijumaa akisikiliza habari asizozitaka, ili mimi nisiwe peke yangu Gitega. Sikuifuta. Wiki hii nyanya zimeshuka bei, akina mama wa Buraza wamekuja na karoti ndogo wanazoziita za dawa, na nimeyaandika hayo yote vizuri, kwa kuchekesha, kwa mtu ambaye atasikiliza mpaka mwisho na hatatoka.