Sindano ya Shingoni

Mama yangu alikuwaga na rovu, ule uvimbe wa shingoni, tangu niko darasa la kwanza. Bibi alikuwa nalo, shangazi pia, kwa hiyo kwetu, upande wa Butiama, nani angeshtuka? Lilipoanza kuwa gumu upande mmoja nikashtuka mimi, maana nilikuwa msaidizi wa maabara hospitalini Musoma. Nilimleta nyumbani kwangu Mukendo akigomba njia nzima.

Daktari wetu, mzungu mmoja mpole, alimchoma rovu kwa sindano nyembamba, akavuta maji na damu kidogo, akapaka kwenye vioo. Mama hakukunja hata uso. Nilivitia rangi, daktari akainamia darubini, kisha akaniachia nitazame. Seli zilikuwa zimejikusanya vijiduara vijiduara.

"Ingekuwa kansa ya ile aina nyingine, ningeitambua kwa sura ya seli zenyewe," alisema. "Hizi haziniambii kitu. Uvimbe mbaya na usio mbaya wa aina hii vinafanana kabisa kwenye kioo. Mpaka tuutoe, tuone kama seli zimetoboa ganda lake."

Nilimweleza mama kwa lugha ya nyumbani, polepole. Lo! Alinicheka.

"Mmeshanitibu, mnataka nini tena?"

Ndipo nikaelewa. Kwetu ng'ombe akiugua hupigwa mshale kwenye mshipa wa shingo, damu ikatoka, kidonda kikazibwa, akarudi malishoni. Naye alichomwa shingoni, damu ikatoka, na rovu lilikuwa limepungua kweli kwa sababu ya yale maji. Alitaka matibabu gani zaidi ya hayo?

"Daktari amesema ni kansa?" aliniuliza.

"Hajui, mama."

"Hajui, halafu anikate koo! Akamkate mama yake."

Akarudi kijijini. Kila nilipomfuata kumbembeleza, niliwakuta majirani wakimpapasa shingo na kumpongeza kwa kupona. Niliwachukia watu wale, Mungu anisamehe.

Kisha tukaambiwa watu wote wahamie kijiji cha ujamaa. Nyumba ikabomolewa, na mama, mbishi yule, akakataa kusaidiwa kubeba miti yake ya kujengea. Alikuwa amesimama tu, anatua mzigo, paja likavunjika. Hakuanguka, hakugongwa na kitu. Walimleta Musoma juu ya lori la pamba, analia kila linapoingia kwenye shimo.

Picha ilionyesha mfupa umeliwa. Daktari akachoma sindano palepale pajani, nami nikatia rangi. Vilikuwa vijiduara vilevile, seli za rovu ndani ya mfupa wa mguu. Kansa ya aina hiyo husafiri kwa damu ikaenda kukaa mifupani. Hatukuhitaji tena kutazama ganda. Daktari aliniambia kwamba kukata shingo sasa kungemwongezea maumivu tu, na dawa ya kufuata seli mpaka mifupani hatukuwa nayo. Nililia mbele yake bila aibu.

Nilimwambia mama kwamba ni kansa, imetoka kwenye rovu. Sikuweza kuendelea. Alimgeukia daktari, akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga:

"Baba, mimi nimekubali. Kata."

Daktari akanitazama mimi. Mama alikuwa ameshainua kidevu, ameinyoosha shingo yake kwenye mto, anasubiri.