Ngoma ya Upande wa Pili wa Ukuta

Miaka ile Somanga nzima iliugua Kiingereza. Mitumba ilikuwa imejaa mnadani, kila mwenye kibanda cha chumvi na kiberiti amekiandika kwa Kiingereza jina la duka kubwa, na wanunuzi binafsi wa korosho wanapita na mizani zao nyumba kwa nyumba, ghala la ushirika likabaki na popo wake. Halafu ikaja habari ya gesi ya Songo Songo: bomba litapita, kambi itajengwa, watu wataajiriwa, ila usaili utakuwa kwa Kiingereza. Basi waliokuwa wakikimbilia mabasi na pweza wa kukaanga wakaanza kuwaita abiria “my friend”, hata abiria mwenyewe akiwa mzee wa Likawage aliyekuja kuuza ufuta wake.

Mganga wa ugonjwa huo alikuwa Mwalimu Devota. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, mwenye mvi zilizomuwahi, Mkristo kutoka uwanda wa Makonde. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ahmadi, alimpa lile ghala la popo afundishe tuisheni kila siku baada ya swala ya alasiri. Wakajaa wapishi, wavuvi, mafundi baiskeli, na wengine ambao mpaka leo sijui walifuata nini.

Maneno waliyameza upesi. Kilichowakaba kooni kilikuwa kitu kimoja.

“I enjoy to sell,” alisema Dadi, muuza korosho wa stendi, kifua mbele.

“Dadi, enjoy haitaki to. Sema selling.”

“I am tired of to wait.”

“Of nayo ni hivyo hivyo. Waiting.”

Akawaeleza kwa Kiswahili safi: kuna vitenzi ambavyo vikitangulia, kitenzi kinachofuata lazima kiishie na -ing. Na vile vineno vidogo vya of, in, at na for havina mchezo, nyuma yao ni -ing tu. Dadi akasikiliza, akajikuna kisogo.

“Mwalimu, sisi ku- moja inatutosha. Kuuza, kungoja, kupika. Hawa wenzetu mbili za nini?”

“Ukifika kambini uwaulize,” alisema Devota. “Ila uwaulize kwa -ing.”

Aliandika ubaoni, akafuta, akaandika tena. Wapi. Kesho yake wanarudi na to zao kama hawajawahi kumwona. Devota alikuwa na shida nyingine pia: alipenda mno kufaulu. Mwanafunzi akishindwa, yeye ndiye anayekosa usingizi. Ndipo siku moja akaleta debe tupu la mafuta, akaligeuza chini juu, akasema leo hatuandiki, leo tunapiga.

Mapigo aliyoyapiga hakuyatunga. Chumba alichopanga kilipakana na nyumba ya Bi Mboni, kungwi mkuu wa Somanga, mwenye kuwacheza wali, yaani wasichana waliovunja ungo, na kuwafunda utu uzima. Kila mwaka baada ya mavuno, unyago ukiingia, ngoma ilipita ukutani ikamkuta Devota amekaa peke yake na madaftari ya kusahihisha. Kulikuwa na pigo moja la mwisho, zito, lenye kusita katikati kisha likarukia mbele, ambalo lilimkaa mwilini akawa analipiga kwa vidole mezani bila kujua. Kule kusita kulimfaa. Hapo penye kusita aliitia -ing. I enjoy, du, cooking. I'm tired of, du, waiting. I'm good at, du, swimming.

Darasa likawaka moto. Watu wazima na ndevu zao walitingisha mabega wakiitikia, na siku ile ile Dadi akasema sentensi tatu mfululizo bila to hata moja. Devota alirudi nyumbani anacheka peke yake njiani. Hakuona kwamba Mwahija, mkaanga samaki aliyekaa mstari wa mbele, mjukuu wa Bi Mboni mwenyewe, alikuwa amejifunika kanga usoni tangu debe lianze hadi liishe.

Lile pigo, ndugu msomaji, ndilo pigo la kufungia unyago. Likipigwa, mwanamume yeyote anayejiheshimu anakuwa ameshahama mtaa. Ndiyo maana Dadi na wenzake hawakulitambua: hawakuwahi kuwepo. Na Mwahija, aliyelitambua vizuri, alikuwa ameapishwa asimwambie mtu asiyechezwa hata kwamba pigo hilo lipo. Aliyejua hakuwa na ruhusa ya kusema.

Jambo likapasukia stendi. Basi la Lindi lilisimama, Dadi akakimbia na sinia lake la korosho, na kwa furaha ya elimu akaanza kulipiga bati la basi kwa kiganja: I enjoy, du, selling! Wanawake wa samaki waliganda. Mmoja aliachia beseni. Ndani ya basi mama mtu mzima alitoa kichwa dirishani, akamtazama Dadi toka juu hadi chini, akauliza kwa upole kama kwao hakuna wazazi.

Kabla ya magharibi kijiji kizima kilikuwa kimeshajua kwamba Mwalimu Devota anawacheza unyago wanaume ghalani.

Bi Mboni hakupiga kelele. Alikwenda kwa Mzee Ahmadi akasema maneno mawili: ghala lifungwe, na Mwalimu aombewe uhamisho. Kisha akarudi nyumbani akamweka Mwahija kitako, maana siri haitoki yenyewe, na wa kwanza kushukiwa ni aliye karibu. Mwahija alilia. Aliapa. Nyanya yake hakusadiki.

Devota alipopata habari alikaa kitandani akainama. Kuhama hakukumtisha kwa sababu ya mizigo. Kilichomuuma ni kwamba Somanga alikuwa amezika nao, ameuguza nao, amesonga ugali wa hitma zao, na bado kila msimu wa unyago wanawake walipita mlangoni kwake na vyungu vichwani, wakamsalimu vizuri sana, wakapitiliza. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini iliuma. Na sasa, alidhani, hata hicho kidogo kinakwisha.

Kikao kiliitwa ghalani. Mzee Ahmadi alikaa mbele akijipepea kwa kofia, akitamani angekuwa mwenyekiti wa kijiji kingine. Bi Mboni aliingia na wanawake wenzake, mwembamba, mnyoofu, kanga zake zimekaa sawasawa; Mwahija alifuata nyuma, uso ndani ya kanga.

“Shikamoo, Bi Mboni,” alisema Devota.

“Marahaba. Mwalimu, wanaume watupishe kwanza.”

Walitoka, Mzee Ahmadi akiwatangulia kwa kasi isiyolingana na umri wake.

“Pigo lile umepewa na nani?” aliuliza Bi Mboni.

“Sikupewa na mtu. Nililisikia ukutani.”

“Wangu hawa hakuna aliyekufundisha?”

“Hakuna. Mwahija hakuniambia neno. Mimi nilidhani ni ngoma tu, nzuri.”

Bi Mboni alimtazama. “Ngoma tu. Kwani wewe ulichezwa wapi, mwanangu, usijue pigo la kufungia?”

Devota aliikodolea macho sakafu. Baba yake, katekista Sipriani, alimpeleka bweni kwa masista kabla hajavunja ungo, na likizo zote akambakiza huko huko hadi wenzake wote wakawa wameshachezwa. Jambo hilo hajapata kulisema tangu aanze kazi.

“Sikuchezwa,” alisema.

Juu darini popo walisikika wakijigeuza. Mwanamke mmoja akasema “mh”. Mwahija akafunua uso.

Bi Mboni alikaa chini polepole juu ya benchi la wanafunzi, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga.

“Jamani, tumemwita nani hapa? Asiyechezwa ni mtoto, hata awe na mvi. Tangu lini mtoto akashtakiwa kwenye kikao cha watu wazima? Mtoto akiingia chumbani kwa wakubwa anashikwa mkono anatolewa, basi.” Akamgeukia Mwahija, na kicheko kikamwisha. “Na wewe nimekuonea, mjukuu wangu. Unisamehe.”

Mwahija alikuja akamwekea kichwa mapajani, mbele ya watu wote.

“Tuisheni iendelee,” alisema Bi Mboni. “Lakini pigo langu mniachie. Chukueni la kutwangia, lile halina mwenyewe, nalo linasita vilevile.” Akageuza debe, akawaonyesha. Nasema kweli, lilifaa zaidi.

Watu wa kampuni walipokuja, Mwahija alijibu maswali yao huku vidole vikitwanga pajani chini ya kanga, akapata kazi ya jikoni kambini. Dadi naye alisema vizuri kuliko wote. Ila alipoulizwa kama ana swali akawauzia korosho, zikaisha, akasahau kuomba kazi.

Mavuno yakapita. Siku moja alasiri wanawake wakaanza tena kupita na vyungu vichwani. Devota alivuta mlango wake kidogo, kama alivyozoea, asionekane anatazama. Mara akasikia hodi. Alikuwa Mwahija, amepewa ruhusa kambini, ana kanga mpya mkononi.

“Bibi anasema mtoto amekua,” alisema. “Uje.”

Devota alijifunga kanga ile, akaikosea, Mwahija akamfunga upya. Mlangoni kwa jirani Bi Mboni alisimama na wanawake wake wote nyuma yake. Kumbe siku zote Mwalimu alipokuwa akijizoeza pigo jipya chumbani mwake, na yeye alikuwa na masikio, na ukuta una pande mbili. Alikohoa, akajiweka sawa, akasema taratibu, akipapasa kila neno:

“Thank you for, du, coming.”

Mwalimu alifungua kinywa amjibu, machozi yakamtangulia. Bi Mboni akamshika mkono, akamwingiza, mlango ukafungwa.

Ya ndani siyajui, na ningeyajua nisingeyaandika. Najua tu kwamba jioni ile ngoma ilipofika kwenye pigo la mwisho, upande wa pili wa ukuta hapakuwa na mtu.