Mtembeza Wageni Asiyetembezwa

Mwalimu Imanishi si mtu wa Osaka, na hilo nalisema mapema ili asije mtu akatulaumu sisi. Amekaa hapa mtaani Tenma tangu alipooa, mvi zimemwotea hapa, lakini alizaliwa Kyoto na Kyoto haijamtoka. Kutoka huko hadi hapa ni mwendo mfupi tu wa treni. Lakini mtu wa Osaka akiwa na njaa atakwambia ana njaa. Wa Kyoto atakuuliza kama umesikia kwamba mpunga wa mwaka huu umestawi.

Mimi nauza okonomiyaki. Duka langu ni jembamba, meza moja ndefu yenye bamba la chuma la moto, basi. Mteja anakaa, mimi namimina uji wa unga na kabichi mbele yake, naweka nyama, nageuza, napaka mchuzi, naye anakula papo hapo kwa mwiko mdogo wa chuma. Jina langu Tomiko, mtaa mzima unaniita Mama Tomi, na wanaosema nina mdomo hawajakosea.

Mwalimu alianza kupita dukani baada ya msiba wa mkewe, Fumie. Siku ya kwanza alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mwalimu, karibu, kaa ule," nikamwambia.

"Asante, Mama Tomi, lakini nisikusumbue."

Haya. Mtu akisema hapana, si ndiyo hapana? Nikaendelea kusugua bamba langu. Nilipoinua macho, bado yupo palepale.

"Umesahau kitu?"

"Hapana, hapana. Naangalia tu mvua."

Mtaa wetu wa maduka una paa mwanzo hadi mwisho. Mvua ukitaka kuiona huku lazima uende kuitafuta.

"Kaa basi, Mwalimu."

"Kweli nitakusumbua."

"Mwalimu, kaa chini kabla sijakurushia kabichi!"

Akakaa upesi kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu, akala mpaka mchuzi wa mwisho. Ndipo akanieleza, kwa adabu kubwa, jinsi mama yake alivyomlea. Ukikaribishwa mara ya kwanza, hiyo ni salamu. Mara ya pili ni wema wa mwenyeji. Mara ya tatu ndiyo anakutaka kweli, na hapo unaweza kukubali. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, na watu watamsema mpaka kwa wajukuu.

"Na asiyekaribishwa mara ya tatu?" nikamuuliza.

"Anarudi nyumbani," akasema.

Maisha yake yote alikuwa akifundisha Kiingereza sekondari. Alipostaafu, mwanafunzi wake mmoja wa zamani aliyefungua ofisi ya utalii akamwita atembeze wageni. Si ile kazi ya kushika kibendera na kundi la watu nyuma linakufuata kama bata. Yeye hupewa mgeni mmoja, au mume na mke, anawapitisha vichochoroni kwa siku nzima. Anawapeleka kwenye kasri, anawapeleka sokoni, anawaonyesha nyumba za mbao za Nakazaki ambazo mabomu ya vita yaliziruka, anawaambia nani alikuwa akiuza nini katika kona ipi. Mchana huwaleta kwangu. Wao wanakula, yeye anakaa kando na glasi ya maji, maana kwake yeye mtembeza wageni hali chakula pamoja na mgeni. Ni yeye pia aliyeniambia kwamba wageni hukaribisha mara moja tu, na ukisema hapana wanakuamini.

Wageni humpenda sana. Jioni huwasindikiza hadi kituoni, wanapita kwenye geti la tiketi, naye anabaki amesimama, anainama, anasubiri mpaka migongo yao ipotee kabisa. Ndivyo tunavyoagana sisi. Lakini wengi wao hawageuki, kwao kwaheri ikishasemwa imekwisha. Basi anainamia migongo, kisha anarudi kwake.

Dada yangu anaishi chumba cha pili kutoka kwake, na kuta za jengo lile ni nyembamba. Anasema Mwalimu akifungua mlango husema, "Nimerudi," kama tusemavyo sote. Hakuna anayemwitikia. Baada ya hapo hasikiki tena mpaka asubuhi. Binti yake yuko Sapporo na hupiga simu mwaka mpya. Mimi nilikuwa nikimwonea huruma, na huruma ikikaa sana kifuani mwangu hugeuka hasira.

Sasa nimseme Bi Lutgard. Huyu ni mjane wa Kibelgiji, mrefu, nywele nyeupe kazikata fupi kama za mvulana, goti moja bovu. Alikuja mara ya kwanza mwezi wa Mei, mwaka uliofuata akaja tena, na mwaka wa tatu pia, kila mara akimtaka Mwalimu yuleyule. Siku ya kwanza kabisa aliyokaa kwangu, alimtazama Mwalimu na glasi yake ya maji. Alichukua mwiko, akaikata okonomiyaki yake katikati, akamsogezea nusu. Hakumkaribisha, kwa hiyo hakukuwa na cha kukataa. Mwalimu akabaki anaikodolea macho ile nusu, masikio mekundu, kisha akala.

Tangu siku ile nilijua. Alikuwa akizungumza na Bi Lutgard kwa mikono, yeye ambaye mikono yake huwa imekunjwa kama leso. Wanapotea makusudi huko vichochoroni, wanatua kwangu vumbi mpaka magotini, Mwalimu anacheka. Kiingereza changu mimi ni cha "moto" na "asante" tu, lakini kicheko hakihitaji mkalimani.

Mwaka ule wa tatu, siku moja kabla mama wa watu hajaondoka, Mwalimu aliingia dukani peke yake jua likizama. Macho yalikuwa yanang'aa kama ya mwenye homa. Hata sikumkaribisha, akakaa mwenyewe. Nikajua kuna jambo.

Akanieleza. Walikuwa wamekaa kwenye benchi kule bustani ya waridi ya Nakanoshima, goti lipumzike. Bi Lutgard akamwambia, "Mwalimu, mwaka wa tatu huu unanitembeza. Wewe nani anakutembeza?"

Mwalimu akacheka. Kinyozi hajinyoi, si ndiyo? Lakini yule mama hakuwa akitania.

"Njoo kwetu Ghent mwezi wa tisa," akamwambia. "Nyumba ni kubwa, nina chumba kitupu. Nitakutembeza mimi. Wewe hutasema neno, kazi yako itakuwa kutazama tu na kuchoka."

Nikaacha kukata kabichi. "Ukamjibuje?"

"Nilimwambia hapana, nitakusumbua tu."

"Naye?"

"Akanitazama kidogo, akasema, 'Naelewa.' Kisha tukainuka." Akainywa chai yangu taratibu. "Kesho ataniuliza tena."

Nilipiga bamba kwa mwiko mpaka mteja aliyekaa mwisho wa meza akaruka. "Hatakuuliza tena! Mwalimu, wale watu huuliza mara moja! Wewe ndiye uliyeniambia!"

"Najua. Nimekaa na lugha yao maisha yangu yote."

"Sasa?"

Nadhani kujua ni kitu kimoja, lakini ule mdomo ulifundishwa na mama yake kabla haujakijua Kiingereza, na ulifundishwa ukafundishika.

"Unataka kwenda au hutaki?"

Akasema, kwa sauti ndogo sana, "Tangu Fumie aondoke, hakuna mtu aliyewahi kuniambia nitazame kitu."

"Basi mwambie kesho: nakuja. Maneno mawili. Mficha uchi hazai, Mwalimu!"

"Nitaonekana nilikuwa nakitolea macho chumba chake," akasema, akaniinamia kunishukuru kwa ushauri, akaondoka.

Kesho yake asubuhi nafungua duka, namwona kwa mpiga picha jirani yangu. Amenyoa, amevaa tai, amekaa wima mbele ya pazia jeupe. Nikamuuliza mpiga picha, anapiga ya nini? Ya pasipoti, akasema. Mtu aliyesema hapana! Nilitamani kucheka na nilitamani kulia, nikaenda kuwasha moto.

Mchana wakaingia wote wawili, na begi la Bi Lutgard la magurudumu, maana jioni alikuwa anapanda ndege. Wakakaa. Nikamimina, nikageuza. Mwalimu alikuwa anaongea kuliko nilivyowahi kumsikia, na kila baada ya maneno machache nasikia Ghent, Ghent. Nikasema moyoni, afadhali, kumbe anaweza. Kumbe wapi. Baadaye alinisimulia mwenyewe alichokuwa akisema. Alimuuliza kama huko mwezi wa tisa ni baridi. Bi Lutgard akajibu si baridi sana. Akasema amesikia treni za kwao ni nzuri. Bi Lutgard akasema huchelewa siku hizi. Akasema binafsi huwa hana kazi nyingi mwezi wa tisa. Bi Lutgard akamwambia vizuri, apumzike.

Kule Kyoto hapo angekuwa ameshapiga mbiu ya mgambo. Mtu wa Kyoto angesikia na kumkaribisha mara ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi. Lakini yule mama alikuwa amejibiwa hapana jana yake, akaheshimu hapana ile. Nilimwona usoni. Alikuwa anacheka kidogo kuliko siku zote, na safari hii okonomiyaki yake hakuikata. Aliila yote peke yake, polepole, akimwachia Mwalimu glasi yake ya maji. Nadhani alikuwa anajilinda asije akamlazimisha mtu tena.

Nikashindwa. Niliinama juu ya bamba, mvuke unanipiga usoni, nikamwambia Bi Lutgard kwa lugha yetu ya hapa Osaka, kwa sauti yangu yote: "Dada, huyu mzee anataka kuja kwenu! Amepiga hadi picha ya pasipoti! Mwambie tena! Mwambie mara tatu, atakubali, walivyo ndivyo hivyo!"

Bi Lutgard aliniangalia, akaiangalia miko mikononi mwangu, kisha akafanya ambalo mgeni yeyote angefanya. Alimgeukia mkalimani wake.

Mwalimu alikuwa mweupe kama unga. Alifungua mdomo. Nikasema moyoni, sema baba, sema, hata si maneno yako, ni yangu, wewe unayabeba tu. Akasema kitu kifupi kwa Kiingereza.

Bi Lutgard akashtuka, akasema "Oo!", akaniinamia mara mbili kuniomba radhi, akaanza kula harakaharaka.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza.

"Nimemwambia unasema ale upesi, kisije kikaungua."

Sikukubali. Mbele ya mama yule nilimnyooshea Mwalimu mwiko, nikamnyooshea na yeye Bi Lutgard, nikarusha mwiko hewani kama ndege, vuuu. Akaitikia kwa kichwa, amefurahi, akaonyesha begi lake, akafanya na yeye ndege kwa mkono. Ndiyo, ndiyo, anaondoka leo. Nilitaka kuendelea, lakini Mwalimu alinishika mkono wa nguo. Katika miaka yote hajawahi kunigusa. "Mama Tomi," akasema, "nakuomba." Mtu akiamua kufa na tai shingoni, utamfanyaje? Nikarudi kwenye kabichi yangu, machozi yananitoka, na hayakuwa ya vitunguu.

Akamsindikiza kituoni. Aliniambia walipeana mikono, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya kabla. Bi Lutgard akamwambia asante kwa kila kitu, akapita getini na begi lake, akichechemea. Mwalimu akainama kama kawaida yake.

"Aligeuka," akaniambia. "Huyu aligeuka. Lakini mimi nilikuwa nimeinama. Nilipoinua kichwa niliuona mkono wake tu, unashuka."

Mwezi wa tisa ulipita. Pasipoti ilitoka, nimeiona, katika picha anaonekana mtu anayekwenda mahali. Mei ikaja tena, mawaridi ya Nakanoshima yakachanua, na ofisini jina la Bi Lutgard halikuonekana. Mwalimu aliuliza wiki ya kwanza, wiki ya pili akauliza tena, kisha akaacha kuuliza akawa anapitapita tu mbele ya ofisi ile bila sababu.

Juzi alikuja dukani baada ya kuagana na wageni fulani, kijana na mkewe, ambao waliingia kwenye treni wakitazama simu zao. Nilimwekea chakula bila kusema neno. Nimejifunza.

"Mwandikie," nikamwambia. "Anwani ofisi wanayo. Mwambie hujambo tu."

"Ataona namlazimisha anikaribishe."

"Mwalimu! Kwake yeye wewe ndiye uliyemkataa! Mwanamke kakufungulia mlango wa nyumba yake, ukamwambia hapana. Unafikiri yuko wapi sasa hivi? Yuko kwake, anasema yule mzee wa Osaka hakunitaka."

Aliushusha mwiko. Nilimwona jambo hilo likimwingia, polepole, kwa mara ya kwanza, na nikajuta kulisema.

"Lakini Mama Tomi," akasema, "nilikataa mara moja tu."