Rubeni wa Maktaba na Wasomaji Wasiokuja

Kila asubuhi Rubeni Waitara alifungua mlango wa maktaba ya kijiji cha Natta, akafuta meza, akapanga magazeti ya wiki iliyopita, kisha akakaa kusubiri. Saa ya mapumziko watoto wa shule ya jirani waliingia kutazama picha. Mwalimu mmoja mgeni, mtu wa Bukoba, aliazima riwaya na kurudisha. Lakini mtu mzima wa Natta, mwenye shamba na ng'ombe zake hapa, hakukanyaga mle ndani.

Haikuwa kwamba watu hawajui kusoma. Ilikuwa mwaka wa sabini na sita, na madarasa ya watu wazima yalikuwa yamejaa. Wanawake walikwenda na watoto mgongoni, wazee walikwenda na fimbo zao, wakaandika majina yao kwenye vumbi kabla ya kuandika ubaoni. Masomo yakiisha walipita mbele ya maktaba kurudi makwao, na wengine walitema mate walipofika usawa wa mlango.

Rubeni aliwaona. Alikuwa mtu wa miaka kama thelathini na mitano, mrefu, msafi wa mavazi, mwenye sauti nzito iliyosikika mbali. Alisoma shule ya mapadri, akawa tarishi wa ofisi ya kata, kisha akapelekwa Musoma kwa mafunzo mafupi ya kutunza vitabu. Aliporudi alijiona amepanda daraja. Watu wakipita bila kumsalimu alisema, "Hawa ni wajinga. Wameletewa taa, wao wanapenda giza."

Mwaka huo maktaba ya Chuo Kikuu ilikuwa inachunguza namna wasomaji wanavyohudumiwa. Walianza kwa kuwauliza wanachuo wenyewe huko Dar es Salaam, halafu wakataka kujua na maktaba ndogo za vijijini zinaendeleaje. Likizo ilipofika, wanachuo walitumwa mikoa waliyotoka. Natta akaletwa binti mmoja, Agustina Wangwe, Mkurya wa Bomani pale Tarime mjini. Bwana elimu kutoka Mugumu alimshusha na Landrova mbele ya maktaba, akamwambia Rubeni, "Huyu ni mgeni wako. Anataka kuwauliza watu kama wanaridhika na huduma yako. Mpeleke majumbani, na umtafsirie wazee wasiojua Kiswahili."

Hakuna aliyefikiri kwamba anayeulizwa habari zake ndiye anayepewa kazi ya kutafsiri majibu. Rubeni peke yake alilifikiri, akatangulia njiani.

Walianza kwa mama mmoja mjane aliyeitwa Bhoke. Walimkuta uani anapeta mtama. Agustina alipiga goti kidogo, "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bhoke aliitikia salamu ya binti. Kwa Rubeni hakugeuza hata macho.

Agustina akauliza alivyofundishwa: je, saa za kufungua maktaba zinamfaa? Vitabu vilivyopo anavipenda? Mtunza maktaba anawahudumia watu kwa lugha gani? Rubeni akayageuza maswali kwa Kinata, macho yake kwenye ungo.

Bhoke aliweka ungo chini. Akasema kwa Kinata, polepole, "Mwambie huyu mtoto wa watu kwamba sauti iliyonitoa nyumbani, kihenge changu cha mtama kikawaka moto nyuma yangu, siwezi kukaa chini inisomee habari za kufuga kuku."

"Anasema macho yake yamechoka," Rubeni akamwambia Agustina. "Herufi za vitabu ni ndogo."

Agustina akaandika. Kisha akainua kichwa. "Mbona amesema maneno mengi hivyo?"

"Wazee wetu huzunguka sana kabla ya kufika."

Wakaenda kwa Kornelio, mfugaji, aliyekuwa akirudishia miiba kwenye zizi. Huyo hakungoja maswali yaishe. Alisema kwa Kinata kwamba binti anakaribishwa kunywa maziwa, ila kwanza amfunge kwenye mti huyo mbwa aliyekuja naye. Rubeni akatafsiri kwamba Kornelio ana kazi nyingi, labda siku nyingine. Agustina akamshukuru mwenye zizi kwa adabu, naye akabaki ameshangaa, hajui anashukuriwa nini.

Njiani Agustina akapunguza mwendo. Kinata hakukijua, lakini Kikurya si mbali nacho sana, na yako maneno yaliyomgonga sikioni. "Ndugu Rubeni," akasema, "yule mama alitaja moto. Nimesikia."

"Alikuwa anaeleza alivyokuwa anapika."

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Method, mzee kipofu. Mdogo wake, Simoni, alikuwa amekaa pembeni akishona makatambuga ya matairi. Simoni alikuwa amepika miaka mingi kwenye kambi za wawindaji kule mbugani, na Kiswahili alikijua kuliko wengi wetu. Mwanzoni hakujiingiza. Alisikiliza tu.

Method aliposikia sauti ya Rubeni alijikunyata kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Akajibu kwa Kinata, "Mtu huyu anafanya nini uani kwangu? Mwondoeni. Mimi nimepofuka, sikuziba masikio. Nikimsikia bado nasikia paa langu linaanguka."

"Mzee anasema," Rubeni akaanza, "yeye haoni, kwa hiyo maktaba haina faida kwake. Lakini anaisifu."

Simoni akaacha sindano. Akacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa na furaha. "Anaisifu?" akasema kwa Kiswahili. "Binti, kaa hapa nikwambie kaka yangu amesema nini." Akamweleza neno kwa neno.

Agustina alimgeukia Rubeni. Alikuwa mdogo kwa Rubeni kwa miaka mingi, lakini wakati ule hakuonekana hivyo. "Na yule mama? Na mwenye ng'ombe?"

"Hawa watu wana chuki," Rubeni akasema. "Ukiandika matusi yao, hiyo ndiyo elimu?"

"Nimeuliza wamesema nini."

"Wanazungumza habari za Operesheni, za kuhamishwa. Wewe umekuja kwa habari za maktaba."

"Rudi maktabani, ndugu Rubeni. Mzee Simoni atanisaidia."

"Bila mimi hutapata kitu kijiji hiki!"

"Nenda, mura," Simoni akamwambia, kama mzee anavyomwita kijana. "Bila wewe ndipo atapata."

Siku zilizofuata Agustina alirudia nyumba zote na Simoni, na watu wakafunguka. Yaliyotoka yalikuwa haya.

Miaka miwili nyuma, wakati wa kuhamishiwa vijijini, watu wengi wa Natta waliishi wametawanyika huko mabondeni, kila ukoo na malisho yake. Amri ilikuja kwamba wahamie mahali pamoja. Wengine walihama wenyewe, wengine walisita, mtama ulikuwa bado shambani. Asubuhi moja ya Jumanne wakaja mgambo wageni wasiojua lugha yetu. Rubeni, tarishi wa kata, alipewa kipaza sauti. Alitembea mbele yao kutoka mji hadi mji akiita kwa Kinata, "Tokeni! Tokeni nje na vitu vyenu! Nyumba inachomwa!" Na kweli zilichomwa. Bhoke alitoka akimburuta mumewe aliyekuwa mgonjwa wa kifua. Mume huyo alikufa msimu ule ule kwenye kiwanja kipya, chini ya turubai, kabla hawajapata paa.

Agustina angeweza kuandika hayo akaondoka. Badala yake aliomba mkutano, na akaomba ufanyikie ndani ya maktaba. Simoni alimwambia watu hawatakuja. Wakaja. Walijaa chumba kile hata wengine wakasimama madirishani. Mabenchi yalikuwapo, lakini watu wazima hawakukaa. Bwana elimu alirudi kutoka Mugumu, akaketi nyuma ya meza, na Rubeni akasimama kando ya rafu, mikono nyuma.

Bwana elimu akaanza, "Ndugu wananchi, mambo ya Operesheni yamepita. Leo tuzungumze huduma ya maktaba."

"Ndiyo tunayozungumza," akasema Bhoke kwa Kiswahili chake cha darasani. "Huduma ni huyo hapo."

Rubeni hakungoja kuulizwa. "Nilitumwa!" akasema, na chumba kizima kikasikia uzito wa sauti ile. Method aliyekuwa karibu na mlango akashika mkono wa Simoni. "Mimi nilikuwa tarishi. Nani kati yenu angekataa? Na nisingeita kwa lugha yenu mngejua nini? Mngeungulia ndani! Watu wengi hapa wanaishi kwa sababu ya mdomo wangu, na hakuna hata mmoja aliyekuja kusema asante. Mjumbe hauawi!"

Kukawa na manung'uniko, na Kornelio akasonga mbele na fimbo yake. Simoni akanyoosha mkono kumzuia.

"Hauawi," Simoni akasema. "Ni kweli, mjumbe hauawi. Nami kwa ya Jumanne sikulaumu. Lakini Rubeni, waeleze habari za Jumapili."

Rubeni akageuka kutazama rafu.

"Huwaelezi? Basi nitasema mimi." Simoni akamgeukia Agustina ili naye aelewe. "Jumapili kabla ya moto, huyu alikaa kanisani kando yangu. Tulitoka pamoja, akala ugali kwangu, akanawa. Jioni ile ile alikwenda kwa mama yake, akatoa vyungu, akatoa mikeka, akatoa mtama wote na mbuzi, akavihamisha. Tulipomuuliza akasema mama anakwenda kusalimia ndugu. Jumanne nyumba ya mama yake ilipochomwa, ilikuwa tupu kama ngoma. Alijua. Alikula kwangu, na alijua. Jumanne ulikuwa mjumbe, Rubeni. Jumapili ulikuwa jirani."

 Mama yake Rubeni alikuwamo humo humo, bibi mfupi aliyejifunika kitenge. Watu hawakumtazama, lakini yeye mwenyewe aliinamisha kichwa.

"Ningewaambia," Rubeni akasema, na safari hii sauti ilikuwa imepungua, "habari zingefika kata. Ningefungwa mimi."

"Ungefungwa," Bhoke akajibu. "Na mimi ningekuletea chakula gerezani mpaka wajukuu zangu wakue wakuletee wao. Kihenge kizima nilikuwa nacho. Ningekulisha."

Bwana elimu aligonga meza, akasema mkutano huu unatoka nje ya mada na kwamba wananchi wana uelewa mdogo. Agustina hakukubali. Akasimama akauliza swali moja ambalo halikuwa limeandikwa popote: "Akija mtunza maktaba mwingine, mtakuja kusoma?"

Kornelio ndiye aliyejibu. "Mlete. Utaona mwenyewe."

Rubeni alichukua kofia yake kwenye msumari akatoka kwa mlango wa mbele, katikati ya watu. Walimpisha, lakini kwa namna ya kumpisha mtu ambaye hutaki nguo yake ikuguse.

Agustina akaondoka na maandishi yake, na haikupita miezi mingi Rubeni akaondolewa kazini. Nafasi yake alipewa Gati, msichana wa hapa hapa aliyemaliza darasa la saba. Watu wakaja. Kornelio alikuja kutafuta kijitabu cha magonjwa ya mifugo, akagombana na Gati kwa sababu kilichopo kilizungumzia ng'ombe wa kisasa ambao hapa hakuna aliye nao. Method aliletwa na Simoni asomewe gazeti, akawa anakatiza kila habari kwa maswali. Bhoke alikaa benchi la mbele, kidole chini ya mstari. Macho yake hayakuwa na kasoro yoyote.

Shamba la Rubeni halikuwa mbali na maktaba. Akipalilia aliweza kusikia watu wale wale wakisoma kwa sauti, wakicheka, wakibishana na vitabu. Mimi nilikuwa nalima jirani naye. Siku moja alisimamisha jembe akaniambia, "Unaona? Siku zote niliifagia mimi." Nikaendelea kulima.

Baada ya mavuno alimpelekea Bhoke debe la mtama. Hakusema ni wa nini, na labda hakujua aseme vipi. Bhoke alimwambia aweke chini. Alipoweka, mama yule akalipindua debe kwa mguu, mtama ukamwagika uani, akawaita kuku wake. "Mume wangu hali tena," akasema, akaingia ndani.

Rubeni alirudi na debe tupu, amejaa hasira. Tangu siku hiyo naye akaacha kusalimu. Alisema kwa kila aliyetaka kumsikiliza kwamba watu wa Natta wangependa zaidi afungwe au afe kuliko kumwona akila, na kwamba yeye hatawasamehe kama wao wasivyomsamehe. Hapo hakuwa ametudanganya. Wengi hapa walikuwa hivyo, na mimi sisemi sikuwamo.

Mvua zilizofuata zilipokaribia aliomba ruhusa ya kuhamia Kisaka kwa wajomba zake, akapewa haraka. Alifunga mzigo kwenye baiskeli, akamwita mama yake. Bibi yule alikuwa mlangoni anachambua mboga. Akamwambia mwanawe amwache pale. Alikwisha kuondolewa nyumbani mara moja na vyungu vyake kabla ya wenzake, na hataki kuondoka hivyo mara ya pili. Rubeni alimbembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Mwishowe akapanda baiskeli akaenda peke yake. Jioni Bhoke alipita na mzigo wa kuni, akautua mlangoni kwa bibi yule, wakakaa kuchambua mboga pamoja.